Je, Wajua? Filamu za Hatari Chini ya Ardhi na Mashimo ya Katavi

Watazamaji wengi wa Mpanda hawajawahi kupanda treni ya chini ya ardhi, ila shimo la dhahabu wanalijua vizuri. Kwa hiyo filamu za mahandaki yanayoporomoka zinatuhusu. Ukizitazama kwa makini, zinafundisha kinachomwokoa mtu aliyefukiwa.

JE, WAJUA kwamba madini ndiyo yaliyoleta reli Mpanda? Tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua lilifunguliwa mwaka 1950 kuhudumia mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Leo wachimbaji wadogo wa Katavi wanaifuata dhahabu.

JE, WAJUA kwamba mji wa kwanza Afrika kuwa na treni za chini ya ardhi ni Cairo? Zilianza kubeba abiria mwaka 1987.

JE, WAJUA kwamba filamu iliyovuma kuliko nyingi za aina hii, The Taking of Pelham One Two Three ya 1974, haina tetemeko wala mafuriko? Watu wanne wenye silaha wanateka treni chini ya New York na kudai dola milioni moja. Ilitengenezwa upya mwaka 2009, safari hii wakiwamo Denzel Washington na John Travolta.

JE, WAJUA kwamba handaki la Daylight (1996), ambamo Sylvester Stallone anahangaika kuwatoa watu chini ya Mto Hudson, lilijengwa studio? Ni Cinecittà, jijini Rome.

JE, WAJUA kwamba unga na majarini viliwahi kulisha moto uliowaua watu 39? Tarehe 24 Machi 1999, lori lililobeba bidhaa hizo liliwaka ndani ya handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia. Filamu ya Norway, Tunnelen (2019), inaonyesha hatari hiyohiyo kwa lori la mafuta. Handakini moshi huua kabla ya moto kukufikia.

JE, WAJUA kwamba Kaala Patthar (1979) ya Amitabh Bachchan ilitokana na msiba wa kweli? Desemba 1975, maji yaliingia kwa nguvu katika mgodi wa makaa ya mawe wa Chasnala, India, na kuua watu zaidi ya 370.

JE, WAJUA kwamba wazo moja la uokoaji limezunguka mabara matatu? Mwaka 1955 Wajerumani walitoboa tundu jembamba na kuteremsha chombo cha chuma chenye upana wa sentimita 38.5, wakawatoa wachimbaji watatu. Mwaka 1989 mhandisi Jaswant Singh Gill alishuka mwenyewe ndani ya chombo cha namna hiyo huko Raniganj, India, na watu 65 wakaokolewa. Kisa chake kimo katika filamu ya Mission Raniganj (2023). Mwaka 2010 ikawa zamu ya Chile.

JE, WAJUA kwamba wachimbaji 33 wa Chile wangeweza kutoka wenyewe siku za mwanzo? Walijaribu kupanda kupitia shimo la hewa, wakakuta ngazi iliyopaswa kuwamo haipo. Walikaa chini siku 69. Filamu ya The 33 (2015), ambayo Antonio Banderas ni kiongozi wao, ilipigwa katika migodi ya chumvi ya Colombia.

JE, WAJUA kwamba mwaka uleule filamu hiyo ilipotoka, Watanzania walikuwa wamefukiwa kweli? Tarehe 5 Oktoba 2015 shimo liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama. Wachimbaji sita walikwama wakila mende na vyura na kunywa maji machafu. Wenzao waliokuwa wakichimba jirani walisikia sauti zao. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mmoja alikuwa ameshafariki humo humo. Kisa hiki kinastahili filamu yake ya Kiswahili.

JE, WAJUA kwamba Geita iliokoa watu wote 15? Walifukiwa Januari 26, 2017 katika mgodi wa Nyarugusu, Watanzania 14 na Mchina mmoja. Walitolewa Januari 29, wote hai.

JE, WAJUA kwamba pampu ya petroli inaweza kuua bila shimo kuporomoka? Pampu iliyo juu haiwezi kufyonza maji yaliyo chini zaidi ya mita 10 hivi, basi watu hushawishika kuishusha duarani. Injini hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Anayemfuata mwenzake aliyeanguka naye huanguka. Kinachofaa kushuka ni pampu ya umeme, jenereta ikibaki juu, mbali na mdomo wa shimo.

JE, WAJUA kwamba Watanzania wengi walizielewa filamu za kigeni kwa sauti ya mtu mmoja? Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alizisimulia kwa Kiswahili, akafungua njia ya wasimulizi wanaosikika leo katika vibanda umiza.

JE, WAJUA kwamba visa vya kweli vilivyotajwa hapa vinakubaliana? Ushujaa ulihitaji hewa, njia na mtu wa juu anayejua nani yuko chini. Kwa hiyo, kabla ya kushuka duarani, uliza: kuna njia ya pili ya kutokea? Matimba yamekaguliwa? Majina ya wanaoshuka yameandikwa, na kuna mtu wa juu anayeyashika? Jibu lolote likiwa hapana, usishuke. Shimo likiporomoka, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.