Chapa ya Mzazi Inapokosewa

Karibu kila jeni ya binadamu huja kwa nakala mbili, ya baba na ya mama, na zote hutumika. Jeni chache hazifuati utaratibu huo: nakala ya mzazi mmoja hufanya kazi, ya mwenzake hunyamaza. Kinachoamua ni chapa za methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, zinazobandikwa kwenye DNA wakati yai na mbegu zinapotengenezwa. Herufi za jeni hazibadiliki hata moja.

Chapa hizo zikikosewa, ukuaji huweza kukosa breki, kama katika ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann, uliopewa majina ya madaktari walioueleza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 10,000. Mara nyingi mtoto huzaliwa mkubwa, ulimi haumtoshi kinywani hata kunyonya ni taabu, kitovu kimetokeza, na kwenye ndewe ya sikio pana mkunjo mwembamba kama alama ya ukucha. Wengine mguu mmoja huwa mnene kuliko wa pili. La kuwahiwa kabla ya yote ni sukari ya damu, ambayo huweza kushuka vibaya siku za mwanzo kwa sababu ya insulini nyingi.

Chanzo kiko kwenye kromosomu ya 11. Hapo IGF2, jeni inayochochea ukuaji, hutumika nakala ya baba. CDKN1C, inayouzuia, hutumika ya mama. Karibu nusu ya wagonjwa wamepoteza methili kwenye swichi ya CDKN1C upande wa mama, na breki ikalegea. Wachache zaidi wamebandikwa methili pasipostahili, kwenye swichi ya IGF2 ya mama. Protini ya CTCF, ambayo hukaa hapo kama kizuizi, hukosa pa kushika. Nakala iliyopaswa kulala huamka, na kichocheo huwa maradufu. Wengine, kama mmoja kati ya watano, wana sehemu hiyo ya kromosomu kutoka kwa baba pekee. Methili ikipungua kwenye swichi ya IGF2 ya baba, hutokea kinyume: mtoto mdogo, mwenye ugonjwa wa Silver-Russell.

Kujua aina ya kosa si anasa ya maabara. Wenye methili ya ziada ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya utotoni, hivyo hupimwa tumbo kwa altrasaundi kila baada ya miezi mitatu hadi umri wa miaka 7 hivi. Kosa lenyewe mara nyingi huwa katika baadhi ya seli tu. Damu yaweza kutoa majibu safi ilhali tishu ya ulimi inalo, na daktari anayeziona dalili huomba kipimo cha tishu nyingine.