Seva inapoandika JavaScript: ramani inavyobadilika kwenye simu bila kumaliza bando

Mtu aliyepo Vigwaza, pembeni ya Barabara Kuu ya Morogoro, akifungua ramani ya mtandaoni na kubonyeza "mwezi huu", vidoti vya ramani hubadilika hapohapo. Ukurasa haufunguki upya. Jina la tovuti linabaki juu, menyu inabaki chini, vidoti tu ndiyo vinahama.

Watumiaji wengi wa simu wamezoea jambo hilo. Lakini watengenezaji wa tovuti wamebishana kwa miaka karibu 20 kuhusu swali moja: maelekezo ya kubadilisha ukurasa yaandikwe na nani? Yaandikwe na seva na kutumwa yakiwa tayari, au yakae kwenye simu yakisubiri data tu?

Jibu linagusa bando la mtumiaji, linagusa usalama wake, na wakati mwingine linagusa kama taarifa anayoiona ni ya leo au ya juzi. Mfano mzuri wa kulielewa upo hapahapa Afrika Mashariki.

Nani anafanya nini

Kila tovuti ina pande mbili. Kuna seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa na kujibu maombi. Halafu kuna kivinjari, ile programu ya kwenye simu inayochora ukurasa, kama Chrome.

Seva huongea lugha nyingi: PHP, Python, Java, Ruby. Lakini kivinjari kwa miaka mingi kimeelewa lugha moja tu ya kutoa amri ndani ya ukurasa, nayo ni JavaScript. Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 akiwa kampuni ya Netscape, na toleo la kwanza lilimchukua siku 10 tu.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Taarifa ipo kwa seva, lakini mwenye uwezo wa kugusa ukurasa ni JavaScript iliyopo kwenye simu. Lazima pande hizo mbili zikutane kwa namna fulani.

Njia ya zamani: fungua upya kila kitu

Mwanzoni hapakuwa na ujanja. Ukibonyeza kitu, seva inatengeneza ukurasa mzima na kuutuma tena, pamoja na vichwa, menyu na maneno ambayo tayari unayaona.

Chukulia ukurasa wenye ramani una uzito wa KB 300. Mtu akibonyeza mara 60 kwa siku, hiyo ni kama MB 18 zimeondoka. Kama angetumiwa vidoti vipya tu, tuseme KB 2 kila mara, angetumia KB 120. Tofauti ni mara 150, na mtumiaji ameona kitu kilekile.

Mwaka 1999 Microsoft waliweka kwenye Internet Explorer 5 uwezo wa JavaScript kuomba kitu kwa seva kimyakimya, ukurasa ukiwa wazi. Uwezo huo unaitwa XMLHttpRequest. Watu wengi waliuona faida yake Gmail ilipokuja mwaka 2004 na Google Maps mwaka 2005. Ramani ilivutwa kwa kidole cha panya na vipande vipya vikaja vyenyewe.

Seva inashika kalamu

Baada ya hapo kukawa na wazo lingine. Watu wengi walikuwa wazuri kwenye lugha za seva, lakini JavaScript iliwasumbua. Wakasema: kwa nini seva isituandikie hiyo JavaScript?

Mwaka 2006 wazo hilo lilishika kasi. Mfumo wa Ruby on Rails ulileta kitu kinachoitwa RJS. Mtengenezaji anaandika kwa Ruby "badilisha sehemu hii, ficha ile", seva inageuza maneno hayo kuwa JavaScript, na kivinjari kikipokea kinatekeleza. Mwaka huohuo Google walitoa GWT, ambapo mtu aliandika kwa Java na programu nzima ikageuzwa kuwa JavaScript.

Kwenye PHP njia ilikuwa rahisi zaidi. PHP ni lugha ya kujaza maandishi. Inaweza kujaza barua, inaweza kujaza ukurasa, na inaweza vilevile kujaza JavaScript. Unaandika maelekezo yako, unaacha nafasi wazi, seva inaweka majibu kwenye zile nafasi kabla ya kutuma.

Ushahidi wa Nairobi

Mfano wake maarufu Afrika Mashariki ni Ushahidi. Tovuti hiyo ilizaliwa Januari 2008, Kenya ikiwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100. Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ya kuonyesha wapi kumetokea nini. David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa walioliweka kwenye vitendo. Wananchi walituma taarifa, taarifa zikawekwa kwenye ramani.

Baadaye programu ilijengwa upya kwa PHP na kutolewa bure ili yeyote aitumie. Ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na ikatumika kufuatilia kura ya maoni ya katiba ya Kenya mwaka huohuo.

Ndani ya matoleo yale ya PHP kulikuwa na mafaili yenye majina kama main_js.php. Jina lenyewe linaeleza kazi: ni faili la PHP ambalo zao lake ni JavaScript. Seva ilifungua hifadhi ya taarifa, ikachukua latitudo, longitudo na ukubwa wa kuanzia wa ramani, ikavijaza ndani ya maelekezo, kisha ikatuma.

Sababu yake inaeleweka. Programu ileile ilikuwa ikitumika kwa Kenya, Haiti na kwingineko. Kila mahali pana kitovu chake cha ramani, lugha yake na makundi yake ya taarifa. Aliyeijua mipangilio hiyo alikuwa seva, basi seva ndiyo ikashika kalamu.

Lakini baada ya ramani kufunguka, kazi ilibadilika. Mtumiaji akichagua kipindi au aina ya tukio, JavaScript iliomba data tupu kwa muundo uitwao JSON, yaani orodha ya namba na majina isiyo na maelekezo yoyote. Seva ilikusanya hata vidoti vilivyokaribiana na kuvifanya duara moja lenye namba, ili kivinjari kisihangaike kuchora alama maelfu. Njia mbili zilifanya kazi pamoja: seva iliandika maelekezo mara moja, halafu ikawa inatuma data tu.

Tatizo la ng'ombe

Kuandika JavaScript kwa kutumia seva kuna mtego, na Kiswahili kinauonyesha vizuri kuliko lugha nyingi.

Chukulia mkazi wa Vigwaza, eneo lenye wafugaji, ametuma taarifa: Ng'ombe wamevunja bomba. Mtengenezaji asiye makini ameagiza seva iweke maneno hayo katikati ya alama mbili za kufungua na kufunga. Simu inapokea hivi:

var taarifa = 'Ng'ombe wamevunja bomba';

Kivinjari kinasoma "Ng", kinakutana na kile kialama cha ng', kinadhani sentensi imeisha. Yaliyobaki hakiyaelewi. Matokeo yake kipande chote cha maelekezo kinakataliwa, na ramani haichoreki kabisa. Neno moja la mwananchi limeizima ramani kwa kila anayeifungua. Ng'ambo, ng'oa, kung'aa, yote ni mabomu ya namna hiyo.

Hiyo ni ajali tu. Mwenye nia mbaya anaweza kufanya makusudi: anafunga sentensi kwa kialama kilekile, halafu anaongeza amri zake. Amri hizo zitatekelezwa kwenye simu ya kila anayetembelea ukurasa, kana kwamba zimeandikwa na tovuti yenyewe. Anaweza kuiba utambulisho wa aliyeingia kwenye akaunti, au kumwonyesha fomu ya uongo ya kuomba namba ya siri.

Dawa ipo na haina gharama. Kwenye PHP kuna kazi iitwayo json_encode. Maneno yakipitishwa hapo, hutoka yamefungwa salama, ng'ombe akabaki ng'ombe:

var taarifa = <?php echo json_encode($taarifa); ?>;

Kanuni ni moja kwa lugha zote: maneno ya mtumiaji yasiingie kwenye maelekezo bila kufungwa na kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kubandika alama kwa mkono hakutoshi, ipo siku moja itasahaulika.

Mkanganyiko mwingine: bando

Faili la JavaScript lisilobadilika huhifadhiwa kwenye simu. Mtu akirudi kesho, kivinjari kinalitumia lilelile bila kulipakua tena. Maelekezo yanayoandikwa upya na seva ndani ya kila ukurasa hayana bahati hiyo. Husafiri kila mara, hata kama kilichobadilika ni namba moja.

Ndiyo maana wengi walihama. Rails waliiondoa RJS kwenye mfumo mkuu mwaka 2011. Ushahidi nayo, kwenye toleo lake la tatu, ilitenganisha pande mbili kabisa: seva inatoa data, na programu ya kwenye kivinjari inachora.

Lakini njia hiyo nayo ilileta uzito wake. Programu za kuchora zikawa kubwa, na simu ya bei ndogo ikawa inasubiri JavaScript nyingi ipakuliwe kabla ya kuonyesha neno la kwanza. Kwa hiyo miaka ya karibuni kalamu imeanza kurudi kwa seva, kwa staili mpya. Mifumo kama Phoenix LiveView, htmx na Hotwire, huu wa mwisho ukiwa umetoka Desemba 2020, hufanya seva itume kipande kidogo cha HTML kilichokamilika. JavaScript fupi iliyokwisha hifadhiwa kwenye simu inakiweka mahali pake. Seva haiandiki tena amri, inaandika sehemu ya ukurasa.

Linapohusu maji

Mjadala huu unaweza kuonekana wa mafundi tu, mpaka taarifa iliyopo kwenye ramani iwe kisima. Mwaka 2011 nakala ya Ushahidi ilibadilishwa kuwa mradi ulioitwa Taarifa, kwa ajili ya huduma za jamii. Taarifa na Wizara ya Maji ya Tanzania ndiyo chanzo cha data inayotumiwa na wanafunzi wa takwimu duniani kote, yenye vituo vya maji 59,400 vya nchini, vikiwemo vya Mkoa wa Pwani na Bagamoyo, wilaya ambayo Vigwaza ilikuwa ndani yake kabla ya kuhesabiwa Chalinze.

Kati ya vituo hivyo, 32,259 vilikuwa vinafanya kazi, 4,317 vilihitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa havifanyi kazi. Yaani karibu vinne katika kila kumi havikutoa maji.

Hali kama hiyo hubadilika. Pampu inaharibika Jumatatu, fundi anafika Alhamisi. Kidoti cha kijani kisipogeuka chekundu kwa wakati, kuna mtu atabeba ndoo na kutembea bure.

Na hapa kuna udhaifu ambao kurasa zinazojibadilisha zinao. Ukurasa wa zamani ukikosa mtandao, mtu huona ujumbe wa kosa. Ukurasa wa kisasa ukikosa mtandao, vidoti vya zamani hubaki vimekaa kwa utulivu kama vile mambo ni shwari. Mtumiaji hana namna ya kujua kwamba anaangalia taarifa ya jana.

Mtengenezaji azingatie nini

Kwa anayejenga ramani au orodha ya kutumiwa kwenye simu, hatua zenyewe ni chache:

1. Maelekezo yasiyobadilika yakae kwenye faili lake, ili simu iyahifadhi.

2. Seva iandike ndani ya ukurasa mipangilio michache tu, kama kitovu cha ramani na lugha, tena ikiwa imepitishwa kwenye json_encode au kifaa kama hicho.

3. Mabadiliko yaje kama data au kipande kidogo cha HTML.

4. Maneno ya watu yaonyeshwe kama maandishi, yasiachiwe kuwa HTML. Data iliyokuja salama inaweza kugeuka hatari ikimwagwa vibaya kwenye ukurasa.

5. Ukurasa uonyeshe saa ya mwisho ya kupata taarifa, na useme wazi mtandao ukikatika.

Kisha ajaribu kwa kuandika "ng'ombe" kwenye kila sehemu ya kujaza. Ramani ikiendelea kuchoreka na neno likatokea lilivyo, mtego wa kwanza umevukwa. Ikizimika, ni afadhali imezimika mikononi mwake kabla haijamzimikia mtu anayetafuta maji.