Baiskeli, Polo la Karafuu na Mtoto wa Nyuma

Wanachama wenzangu,

Kila msimu wa karafuu unapowadia, baiskeli ndiyo mtumishi wetu mkubwa hapa Pemba: hubeba karafuu mbichi kutoka shamba, karafuu kavu kwenda kituoni, na baina ya hayo hupeleka watoto chuoni. Kwa hiyo yafaa tuzungumze habari ya kuipanda kwa salama.

Kwanza ifahamike kuwa baiskeli yenye polo si ile uliyoizoea. Polo la kilo 50 juu ya keria lapita uzito wa baiskeli yenyewe mara mbili au zaidi, na likilemea nyuma usukani huwa mwepesi, gurudumu la mbele lisishike njia sawasawa. Lifungeni kwa kukaza, lisiegemee upande, wala ncha ya kamba isining'inie karibu na mnyororo.

Nchi yetu ni ya vilima, na khatari kubwa ni mteremko. Mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kufunga breki huzidi mara nne. Aliyezoea kusimama kwa hatua 5 atataka hatua 20, na huenda gari liko hatua 10 mbele yake! Mvua nayo huharibu zaidi, maana rimu ya chuma ikirowa raba za breki huteleza. Bonyeza kidogo kidogo mapema, maji yafutike kabla hujaufikia mteremko. Ukiwa mkali na polo liko nyuma, shuka ukokote. Watakaocheka wapo, waache wacheke.

Pia tunaanika karafuu juu ya majamvi kando ya lami, na mpanda baiskeli akikwepa jamvi hujikuta katikati ya barabara. Atazame nyuma kwanza. Na mwenye kuanika naye awaachie wenziwe upande wa kushoto wa kupita.

Sasa habari ya watoto, nami nina deni humu. Msimu mmoja nilimpakia mwanangu wa miaka 5 kwenye keria. Nilimwambia, "Shika vizuri, baba." Akashika vizuri kwa mikono, habari ya miguu sikumwambia. Tulipokata kona kisigino kiliingia katika spoki. Wiki tano hakukanyaga chini, na mama yake hajanisamehe mpaka leo.

Dawa yake ni rahisi. Kata dumu kuukuu la plastiki, ufunge vipande viwili kwa waya kwenye vyuma vya fremu, pande zote mbili za gurudumu la nyuma, visiguse spoki. Kisha mtoto awekewe pa kukanyagia. Mtoto asiyefika kitini, anayepenyeza mguu chini ya bomba la juu, akajifunzie uwanjani, si barabarani.

Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kichwani, anayeweza apate kofia ngumu, yeye na wanawe. Kofia ya kiua ni heshima yetu, lakini lami haiijui.

Mwenye baiskeli isiyo na kinga ya spoki aje nayo siku ya mkutano. Nitakuwapo mapema na mkasi, waya na madumu matatu. Mwenye dumu la ziada alete.

Katibu