Darubini ya Bunduki Saa ya Utusitusi

Mkulima ye yote aliyewahi kukesha dunguni akilinda mahindi yake ajua ya kuwa saa iliyo mbaya kupita zote si usiku wa manane. Ni ile saa ya utusitusi, jua likiisha kutua, wakati macho hayajajua kama ni mchana au usiku. Hapo kisiki huwa mnyama, na mnyama huwa kisiki. Nguruwe nao waijua saa hiyo vema, ndiyo maana huichagua kutoka mwituni.

Katika nchi ya Ujerumani taabu hii ni kubwa sana. Katika msimu mmoja tu, ule wa mwaka 2019 mpaka 2020, wawindaji wa huko waliua nguruwe mwitu zaidi ya 880,000, na bado mashamba ya mahindi na ngano yaliendelea kufukuliwa. Tena iko desturi ambayo wakulima wetu wataipenda: mara nyingi mtu aliyekodi haki ya kuwinda katika eneo fulani hujifunga katika mkataba wake kulipa hasara ya mazao yaliyoharibiwa na nguruwe. Basi mwindaji wa Kijerumani akaaye juu ya dungu la mbao kando ya shamba si mtu wa kujifurahisha tu. Mwenye shamba ampigia hesabu.

Kuna jambo jingine lililowafanya watie bidii, nalo linatuhusu sisi. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya, katika maandishi ya mwaka 1921. Ngiri wetu huwa nayo asiumwe, na papasi waishio katika mashimo yake huipokea na kuieneza, lakini ikimwingia nguruwe wa kufugwa humwua upesi. Mwaka 2007 homa hiyo ilitokea katika nchi ya Georgia, ikasafiri Ulaya ya mashariki, na mwezi wa Septemba mwaka 2020 ikaonekana Ujerumani, katika jimbo la Brandenburg, kwa nguruwe mwitu aliyekutwa amekufa. Nguruwe mwitu wa Ulaya hawana kinga waliyo nayo ngiri wetu. Hufa kama wale wa zizini, na mizoga yao hubaki na ugonjwa. Kwa hiyo kupunguza idadi yao kumekuwa kazi ya lazima, na kazi hiyo hufanyika zaidi gizani.

Hapa Kenya kuwinda kulipigwa marufuku mwaka 1977, wala makala haya hayamshawishi msomaji kununua bunduki. Lakini kanuni za darubini ni zile zile, iwe imefungwa juu ya mtutu au imening'inia shingoni mwa askari wa wanyama. Mtu atakayezielewa hatadanganywa dukani.

Kwanza yafaa tujue kwa nini Wajerumani ndio waliojishughulisha sana na darubini za utusitusi. Kwetu karibu na Ikweta jua hushuka wima, na baada ya nusu saa hivi giza limekwisha kutanda. Kwao, wakati wa kiangazi, jua hushuka kwa mshazari, na mwangaza hafifu huweza kubaki angani karibu saa nzima. Tena sheria yao hukataza kuua wanyama wenye kwato tangu saa moja na nusu baada ya jua kutua mpaka saa moja na nusu kabla ya kuchomoza, isipokuwa nguruwe mwitu peke yake. Huyo huruhusiwa hata usiku, chini ya mbalamwezi. Basi katika nchi hiyo darubini isiyoona utusitusi haina kazi kubwa.

Watu wengi hudhani kwamba darubini kubwa hukusanya mwangaza ikaugeuza usiku kuwa mchana. Sivyo. Hakuna darubini ya vioo vitupu iwezayo kuufanya ubavu wa nguruwe uwe mweupe kuliko jicho lenyewe lionavyo. Iwezalo ni kumkuza, bila kuupoteza mwangaza ule mdogo uliopo. Mnyama aliyeonekana kama doa huonekana ana kichwa na mgongo, na hilo ndilo jicho lilikosa.

Juu ya kila darubini zimeandikwa hesabu mbili, kwa mfano 8x56. Ya kwanza ni kadiri ya kukuza, yaani mara 8, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimeta. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata 7. Hilo ndilo duara la nuru litokalo kioo cha nyuma kuingia katika jicho. Ukitaka kuliona, ishike darubini mbali na uso kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga jeupe. Utaona katika kioo cha nyuma doa la duara lenye kung'aa. Darubini ya 8x56 ina duara la milimeta 7, nayo ya 6x42 vile vile, ijapokuwa ni ndogo na nyepesi zaidi. Lakini ya 12x50 ina milimeta 4 na kidogo tu, na ingawa yakuza sana, giza likiingia picha yake hufifia mapema.

Sasa tutazame jicho. Mboni ya kijana ikikaa gizani hufunguka mpaka kama milimeta 7, naye aweza kuipokea nuru yote ya darubini ya 8x56. Lakini miaka ikisonga mboni hukakamaa. Aliyepita miaka hamsini mara nyingi hafiki zaidi ya milimeta 5, na nuru iliyozidi humwagika pembeni ya mboni bure. Mzee wa namna hiyo abebaye darubini kubwa mlimani kwa kuwa kijana wake anayo, hubeba uzito tu! Afadhali achukue ile igeuzwayo kadiri ya kukuza, mathalan toka mara 2.5 mpaka mara 10 yenye kioo cha milimeta 50. Akiiweka kwenye mara 10, duara lake litakuwa milimeta 5 barabara. Ile kubwa ina faida moja kwake: jicho likienda upande kidogo halipotezi picha upesi.

Wenye maduka hupenda pia kutaja hesabu nyingine ya utusitusi, ambayo ni kipeuo cha pili cha zile hesabu mbili zikizidishwa. Kwa hesabu hiyo 12x50 yaishinda 8x56! Hesabu hiyo haisemi lo lote juu ya ubora wa vioo, wala umri wa macho ya mnunuzi.

Na ubora wa vioo ndiko fedha ziendako. Uso mmoja wa kioo kitupu hurudisha nyuma karibu sehemu 4 katika kila 100 za nuru iupigayo. Ndani ya darubini nyuso ni nyingi. Zikiwa kumi tu, thuluthi ya nuru imepotea kabla haijafika jichoni, na sehemu yake huzungukazunguka ndani ikiitia picha ukungu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mtaalamu wa kampuni ya Zeiss, alivumbua njia ya kuvipaka vioo utando mwembamba mno uzuiao nuru isirudi. Jambo hilo lilifichwa kama siri ya jeshi wakati wa vita. Siku hizi darubini njema hupitisha zaidi ya sehemu 90 katika 100. Ile ya bei rahisi huweza kuandikwa 8x56 vile vile, lakini vioo vyake vikawa na utando kwa nje tu.

Msalaba wa shabaha nao wataka kuangaliwa. Nywele nyembamba zipendezazo mchana hupotea kabisa juu ya mnyama mweusi. Wajerumani hupenda msalaba wenye mikono mitatu minene, ya kushoto, kulia na chini, na katikati nywele nyembamba. Siku hizi nyingi zina nukta nyekundu iwashwayo kwa betri. Mnunuzi asiulize jinsi iwezavyo kuwaka sana, bali jinsi iwezavyo kufifia, kwa maana nukta kali hulitia jicho upofu, na jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza tena. Kwa sababu hiyo hiyo mwindaji hawashi kiberiti wala kutazama simu yake dunguni.

Namna ya kuijaribu ni hii. Usiitazame chini ya taa za duka, kwani huko zote ni nzuri. Omba uende nazo mbili nje jioni, uzielekeze kwenye kitu cheusi kilicho kivulini mwa miti, hatua 80 hivi, kisha ungoje. Zitazame kwa zamu mpaka moja ishindwe. Zielekeze pia karibu na mwezi, uone ipi hujaa weupe ndani. Mwenye duka atakayekataa jambo hili amekwisha kukujibu.

Lakini kuona mnyama si kumjua ni nani, na hapa ndipo yalipo maana yote ya gharama hii. Sheria ya Ujerumani hukataza kumwua mama ambaye watoto wake bado wamtegemea, na anayeivunja aweza kufungwa. Watoto wa nguruwe huzaliwa na milia, nayo hufutika baada ya miezi michache. Wawapo katika majani marefu hawaonekani hata kidogo, na mama yao huonekana kama nguruwe wa peke yake, mnene, amesimama vizuri kwa risasi. Akiuawa, wale waliojificha hufa kwa njaa. Basi mwindaji huvutwa huku na huku: mwenye shamba adai hasara yake, homa yaenea, na nguruwe yu mbele yake, lakini je, ni dume, au ni mama?

Tangu sheria ya silaha iliporekebishwa mwaka 2020, wenye leseni ya kuwinda waweza kufunga vyombo vya kuonea usiku pamoja na darubini zao, kwa kadiri sheria za kila jimbo ziruhusuvyo. Vyombo vya kuona joto ni vya ajabu, humwonyesha nguruwe aking'aa kama kaa la moto. Lakini joto halipiti vizuri katika majani, na milia ya mtoto haina joto lake peke yake. Wako wazee wasemao kwamba vyombo hivyo vimewafanya vijana wawe wepesi wa kidole, nami naona wana haki kwa sehemu.

Wawindaji wenye busara hufuata desturi ya kupiga mdogo kabla ya mkubwa. Nguruwe mkubwa akitoka peke yake katika mahindi, humfuata kwa darubini kidole kikiwa mbali na kitufyatulio, wakingoja avuke mpaka kwenye mabua yaliyokatwa, ambapo majani ni mafupi na kila kimfuatacho huonekana. Mara nyingi wingu hufunika mwezi kabla hajafika, na mtu hushuka dunguni na risasi zake zote.