Brashi Kwanza, Dawa Baadaye

Mgonjwa wa Iguguno akiambiwa akafanye kipimo cha kamera ya tumbo, hupanda basi. Barabara kuu inapita hapo hapo: upande mmoja ni Singida mjini hadi Dodoma, upande wa pili ni Nzega, Shinyanga, hadi Bugando jijini Mwanza. Atauliza bei, atauliza kama inauma. Ni nadra aulize kamera hiyo asubuhi ilikuwa tumboni mwa nani, na nani aliiosha.

Swali hilo si ukorofi. Mpira wa kamera una urefu wa mita moja hivi, na ndani yake kuna mfereji wenye upana usiozidi milimita chache. Humo hupitishwa koleo la kuchukulia kinyama cha kupeleka maabara, na humo hubaki damu, ute na mabaki ya nyama. Vikikauka hushika kama ukoko wa sufuria, ila ukoko angalau unauona. Bakteria hujijengea utando humo na dawa ya kuua vijidudu haiwafikii. Tena glutaraldehaidi, dawa iliyozoeleka miaka mingi, huigandisha protini. Atumbukizaye mpira mchafu ndani yake anaugandisha uchafu kwa mkono wake.

Ndiyo maana kazi huanza kando ya kitanda, mpira ukitolewa tu: kuupangusa, kisha kufyonza maji ya sabuni kupitia mfereji. Hufuata kupima kama unavuja, halafu sabuni yenye vimeng'enya na brashi ndefu katika kila tundu, mpaka brashi itoke safi. Baada ya hapo ndipo dawa, suuza, na kukausha kwa hewa, maana unyevu ukibaki usiku kucha vijidudu huzaliana upya. Mpira hauvumilii joto la mvuke; koleo la chuma, linalojeruhi, ndilo hutakaswa kwa mvuke wa presha, kama si la kutumia mara moja na kutupa.

Utajiri hauokoi. Februari 2015, hospitali ya UCLA, Los Angeles, ilitangaza kuwa wagonjwa waliambukizwa bakteria sugu kupitia kamera za njia ya nyongo, na wengine walifariki. Hospitali ilisema ilifuata maelekezo ya kiwanda. Uchafu ulijificha kwenye kiinuzi kidogo nchani mwa kamera, kinachoelekeza vifaa vinavyopitishwa ndani yake.

Halafu kuna maji. Mkoa wenye Singidani na Kindai, maziwa ya chumvi, haufundishwi kwamba maji hayafanani. Maji magumu hudhoofisha sabuni na kuacha ukoko wa chokaa ndani ya vifaa, na ya suuza ya mwisho yanapaswa kuwa yamechujwa au kutakaswa.

Hospitali inapokabidhiwa kamera mpya, utepe hukatwa na picha hupigwa. Mimi ningetaka kuona kwenye hati ya makabidhiano brashi za mwaka mzima, chujio la maji, mpira wa pili na mshahara wa mwoshaji, kwa sababu usafishaji kamili hula nusu saa na zaidi, na foleni ya wagonjwa iko mlangoni.