Kununua na Kuuza Nyumba Kijijini

Kigwa ni mahali pa kale katika nchi ya Unyamwezi, upande wa mashariki wa mji wa Tabora. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikakata pori kubwa, ikafika Kigwa ikiwa karibu kuingia Unyanyembe. Wapagazi walichukua majora ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Na wakirudi pwani walichukua pembe za ndovu. Mali ya namna hiyo huuzwa kwa njia nyepesi: muuzaji hutoa kitu, mnunuzi hutoa thamani yake, kisha kila mtu hushika njia yake. Nyumba si hivyo. Nyumba haichukuliwi kichwani. Imesimama juu ya ardhi, nayo ardhi ina mipaka na majirani, na ndani ya nyumba mna watu waliolala na kuamka humo miaka mingi. Kwa hiyo kuuza nyumba kuna taratibu zake.

Zamani, kwa desturi ya Unyamwezi, mgeni aliyetaka kujenga alikwenda kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji aliyekuwa chini ya mtemi. Aliomba mahali, akaonyeshwa mbele ya watu. Mambo hayo hayakuandikwa. Yalihifadhiwa vichwani mwa wazee. Mamlaka ya watemi yalikoma mwaka 1963. Siku hizi ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Nayo hufuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Yafaa kujua kwanza ni kitu gani kinachouzwa. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Basi mtu hauzi udongo wenyewe; huuza haki yake ya kuukalia na kuutumia. Kijijini haki hiyo huitwa hakimiliki ya kimila, nayo yaweza kudumu pasipo ukomo wa miaka, hata watoto wakairithi. Tena katika sheria nyumba iliyojengwa imara juu ya ardhi huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Hivyo anunuaye nyumba hununua na haki ya kiwanja chake.

Mnunuzi mwenye busara hufanya mambo manne. Kwanza, huizunguka mipaka kwa miguu pamoja na muuzaji na majirani, ili kila mmoja akiri kwa kinywa chake kwamba mwembe ule au jiwe lile ndilo mpaka. Pili, huuliza hati, kisha huenda katika ofisi ya kijiji kutazama daftari la ardhi. Hati iliyo halali ina sahihi za viongozi wa kijiji, na sahihi au dole gumba la mwenye haki; tena imetiwa mhuri na kuandikishwa na Afisa Ardhi wa Wilaya. Wako wengi wasio na hati. Haki yao yatambuliwa na sheria, lakini kuithibitisha ni kazi zaidi, maana hutegemea vinywa vya mashahidi. Tatu, muuzaji na mnunuzi hupeleka shauri lao mbele ya Halmashauri ya Kijiji. Mnunuzi asiyekaa kijijini yampasa awe na nia ya kukaa au kufanya kazi humo. Nne, idhini ikiisha kutolewa, mapatano huandikwa: majina, mipaka, bei na tarehe. Kisha fedha hulipwa mbele ya mashahidi, na jina jipya huandikwa daftarini.

Liko jambo jingine ambalo watu hulisahau, nalo huleta machozi. Mfano wake ni huu. Mtu mmoja ana deni, na mkewe amesafiri kwenda kumwuguza mama yake. Mume anaiuza nyumba yao upesi, kwa karatasi moja na mashahidi wawili, pasipo Halmashauri kujua. Mke anarudi na watoto, anakuta mlango una kufuli ngeni.

Je, mke huyo amepoteza nyumba? La. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba, ndoa ikiwa ingali hai, mume hawezi kuiuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mkewe, wala mke pasipo ridhaa ya mumewe. Mnunuzi ambaye angeweza kuujua ukweli kwa kuuliza tu hawezi kumtoa mke humo. Tena mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofichwa Halmashauri hayana nguvu. Wala mila haiwezi kuwa kisingizio, kwa sababu mila yo yote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki ardhi ni batili. Basi mnunuzi amebaki na karatasi mkononi, na fedha zake zimekwisha kulipa deni la mtu mwingine.

Ugomvi ukitokea, upo mlango wa kwanza wa kubisha, nao ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina watu saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Asiyeridhika aweza kulipeleka shauri mbele zaidi.

Watu wengine huona taratibu hizi kuwa usumbufu. Lakini siku moja ya kuketi mbele ya Halmashauri ni fupi kuliko miaka ya kushtakiana. Wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.