Fedha ya Umma ni Amana: Funzo la Taa ya Khalifa

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu Waislamu, mkulima wa Mwazye, katika uwanda wa Ufipa, anapouza mahindi na kumtumia mwanawe ada kwa simu mjini Sumbawanga, huenda asijihesabu kuwa mlipa kodi. Lakini serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, naye alichangia. Aliambiwa kuwa fedha hiyo ingejenga vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini.

Wananchi walilalamika, tozo ikapunguzwa. Septemba 2022 Waziri wa Fedha, Dk. Mwigulu Nchemba, alilitangazia Bunge kufutwa kwa baadhi ya tozo, na kwamba pengo lingezibwa kwa kubana matumizi ya serikali yenyewe: chai na vitafunio, safari, semina na matamasha. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Rais John Magufuli alifuta shamrashamra za Uhuru za Desemba 9, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam.

Mwenendo huu si mgeni katika Uislamu. Inasimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 717 hadi 720, alikuwa akifanya kazi ya dola usiku kwa taa ya Baitul-Mali. Mgeni wake alipogeukia habari za nyumbani, Khalifa aliizima taa ile akaagiza ya kwake. Mafuta yale yalikuwa machache, lakini yalikuwa haki ya yatima na maskini.

Tuzingatie kuwa Khalifa alianza na nafsi yake. Kubana matumizi kunakoanzia kwenye meza ya wakubwa ni uadilifu. Kunakoanzia kwenye dawa za zahanati ni dhuluma, hata kama hesabu zinalingana.

Nasi tunao wajibu. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo husomwa taarifa ya mapato na matumizi. Tuhudhurie, tusikilize, tuulize kwa adabu. Huko Ufipa, ambako majirani zetu wengi ni Wakristo, Muislamu anayeuliza huwa amewaulizia wote, kwani zahanati haimuulizi mgonjwa dini yake.

Aidha, tujitazame majumbani. Katika Surat Al-Israa, aya ya 27, Mwenyezi Mungu amewahesabu wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Tutamlaumuje kiongozi kwa karamu zake, ilhali harusi zetu zinatuachia madeni na ada ya mtoto haijalipwa?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutunza amana, kubwa na ndogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.